Nyumba ya Thelathini na Moja

Kumuudhi Stempu hakukuhitaji matusi. Ilitosha uhame nyumba bila kuiambia posta.

Miaka thelathini na mitatu alipeleka barua kwa baiskeli, jua na mvua, na hakuna kilichompandisha hasira kama hicho. Mtu anahama na kabati, anahama na kitanda, anahama mpaka na kamba ya kuanikia nguo, lakini anwani anaiacha nyuma. Miezi sita baadaye anaingia posta kifua mbele, anauliza barua yake iko wapi. "Barua yako ilifika," Stempu alikuwa akiwajibu. "Wewe ndiye hukufika." Watu walimwogopa kidogo, wakamzoea, na jina alilopewa na wazazi wake likasahaulika kabisa. Mkewe alimwita baba watoto siku za amani, na Stempu siku akichokozwa.

Sasa ikaja zamu yake mwenyewe kuhama. Alikuwa amestaafu mwaka wa tatu. Nyumba yao ya zamani ilikuwa juu, ngazi ishirini na mbili, na macho ya mkewe yalikuwa yanazimika taratibu. Mtoto wa jicho, tena macho yote mawili. Mwanamke aliyefundisha shule maisha yake yote, aliyekuwa akisahihisha madaftari huku anasuka nywele za binti yake, sasa alikuwa anapapasa ukuta kutafuta choo. Siku alipokosa ngazi akaporomoka mpaka chini, akaumia bega, Stempu hakutaka tena mjadala. Akatafuta nyumba ya chini, isiyo na hata kidato kimoja, na Mungu si Athumani, akaipata kwenye mtaa aliousambazia barua nusu ya maisha yake. Alijua kila geti, kila mbwa, na nani hukaa dirishani kumsubiri nani.

"Mimi nitaijua kwa mikono," mkewe alisema siku ya kuhamia, akigusa fremu ya mlango. "Mlango una rangi gani?"

"Kijani."

"Nitakuja kuhakikisha."

Kuona tena ndilo jambo walilokuwa wakilisubiri, wala halikuwa jingine. Jina la mkewe lilikuwa kwenye orodha ya upasuaji ya hospitali ya macho, na orodha ile ilikuwa ndefu. Zamu yako ikifika, hospitali inakuandikia barua yenye tarehe na fomu. Usipotokea mara mbili, jina lako linarudishwa mkiani, na mkia huo ulikuwa wa mwaka mzima na ushee. Daktari alikuwa amewaambia waziwazi kwamba mwaka mzima kwa macho yale ni mrefu mno.

Basi Stempu alijifunga kibwebwe. Aliandika orodha ya wote waliopaswa kujua kwamba wamehama, wakatimia wanane: hospitali ya macho, ofisi ya mtaa, maji, umeme, benki, mfuko wa pensheni, chama cha wapeleka barua wastaafu, na maktaba. Kwenye maktaba alisita.

"Hii kadi yako ya maktaba tuifute?" alimuuliza mkewe. "Huitumii tena."

"Usiiguse," mkewe alisema. "Nimekwambia siioni, sijakwambia nimeiacha."

Maktaba ikabaki. Hakutuma mtu wala hakupiga simu, maana kwake simu ilikuwa kitu cha kusalimiana tu na mambo mazito huandikwa. Kila fomu iliyokuwa na nafasi ya namba ya simu aliipiga mstari. Alizunguka kwa baiskeli siku nne, akasimama kwenye foleni nane, akajaza fomu nane kwa kalamu yake mwenyewe, kwa mwandiko ule wa posta ambao hata mtu wa chuki hawezi kuukosoa. Hospitali aliianza kabla ya zote. Ofisi ya mtaa ikampa na kitambulisho kipya cha mkazi, chenye anwani mpya. Jioni ya siku ya nne alirudi, akavua viatu, akamwambia mkewe kwamba hata wakihamia mbinguni malaika watakuwa na anwani yao.

Kisha wakaanza kungoja.

Kila siku saa sita hivi kengele ya baiskeli ya mpeleka barua mpya ilipita mtaani. Alikuwa mama wa makamo aliyepewa mzunguko wa Stempu. Stempu alimsikia, akanyoosha shingo, lakini kutoka nje hakutoka. Hakupendezwa na namna alivyopiga kengele, mara moja tu badala ya mbili, wala hakuona kwa nini yeye, mwenye mtaa, aende kujitambulisha. Atakuja mwenyewe siku ya barua ya kwanza, alijiambia. Kengele ikapita.

"Imepita?" mkewe aliuliza kutoka jikoni.

"Imepita."

Wiki ya pili ikapita hivyo, na ya tatu. Bili ya maji haikuja, Stempu akasema idara ya maji imelala. Ya umeme haikuja, akasema nao wamelala. Wiki ya saba akawa ameshausema mji mzima kwamba umelala, na aliyekuwa macho ni yeye peke yake. Mkewe alikuwa ameacha kuuliza kama imepita, na kunyamaza kwake kulimkera Stempu kuliko swali.

Jumatano moja asubuhi binti yao akapiga simu. Alikuwa amekutana sokoni na mwanamke waliyekaa naye kliniki, yule aliyeandikishwa nyuma ya mama, na mwanamke yule alikuwa anachagua nyanya mwenyewe, moja moja, akizigeuza kutafuta zilizopondeka. Amefanyiwa upasuaji wiki mbili zilizopita. Mama je, bado?

Stempu aliirudisha simu mezani. Alichukua kofia, akatoa baiskeli, akamwambia mkewe anakwenda hospitali na hatarudi bila jibu.

"Usigombane na mtu," mkewe alisema.

"Sigombani. Nauliza."

Karani wa hospitali alikuwa msichana mpole mwenye miwani, na alimsikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo Stempu hakulitegemea. Akavuta faili, akafungua, akatoa bahasha iliyokwishasafiri kwenda na kurudi.

"Mzee, barua ya kwanza tulituma. Ilirudi."

Stempu aliitazama. Juu ya jina la mkewe, kwa wino wa zambarau, palikuwa na muhuri wa posta: HAJULIKANI. Aliujua muhuri ule. Aliwahi kuugonga mara nyingi zisizo na idadi, akigonga huku anawalaani wenye barua kwa uzembe wao. Hakuwahi kufikiri unavyosomeka upande huu wa meza. Hajulikani, yeye, kwenye mtaa ambao hata mbwa walimpisha.

"Sasa kama ilirudi, mkafanyaje?"

"Tukatuma ya pili. Utaratibu unasema tutume mara mbili. Tulipiga na simu ya zamani, haipatikani, na kwenye fomu mpya sehemu ya simu umepiga mstari." Alisema bila lawama, na ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Tarehe yake ni kesho, saa moja asubuhi. Lakini ile fomu ndani ya barua lazima isainiwe na mgonjwa na iwe hapa leo kabla ya saa kumi. Ina namba yake ya kitanda. Isipofika, saa kumi na dakika moja namwita anayefuata."

"Nipe nyingine."

"Hatutoi mbili, baba. Mwaka juzi wagonjwa wawili walikuja na fomu za kitanda kimoja."

"Anwani mliyoandika ni ipi?"

Akamsomea. Mtaa ulikuwa sawa. Namba thelathini na moja.

"Ndiyo hiyo hiyo," Stempu alisema, na sasa moto wake ukapata pa kuwakia. "Basi kosa ni la posta."

Ilikuwa saa nne na nusu. Alikanyaga pedali mpaka magoti yakalalamika, na njia nzima alikuwa akimpangia mpeleka barua mpya maneno ya kumwambia. Aliyapanga vizuri, kuanzia kengele ya mara moja mpaka heshima ya kazi. Alipoingia chumba cha kuchambulia barua, kwa mlango wa nyuma aliokuwa akiupita zamani, mama yule alikuwa anafunga mkoba wake atoke.

"Shikamoo mzee," alisema.

"Marahaba. Wewe ndiye wa mtaa wangu?"

"Ndiye mimi."

"Namba thelathini na moja umeipeleka wapi?"

Mama yule aliuweka mkoba chini. "Mzee, hiyo nimeihangaikia mimi. Nimekwenda mara tano. Thelathini na moja ni kiwanja kitupu, kule mwisho, nyuma ya gereji. Pana mbuzi watatu na gari bovu. Nikauliza gereji, wakasema hapajawahi kukaa mtu."

"Kiwanja gani? Thelathini na moja ni nyumba ya mlango wa kijani, ukishampita fundi seremala."

"Nyumba baada ya seremala?" Alifikiri kidogo. "Kwa namba ya mtaa ile si kumi na saba?"

Stempu akaanza kuihesabu milango kwa vidole, kuanzia wa kwanza.

Wapeleka barua wa zamani wa posta ile walikuwa na lugha yao. Hakuna aliyetaja nyumba kwa namba ya mtaa. Kila mmoja alizihesabu kwa mzunguko wake, kuanzia mlango wa kwanza anaposhuka baiskeli mpaka wa mwisho anaporudi kula, na namba hizo ndizo walizotajiana: peleka kwa kumi na mbili, chunga mbwa wa arobaini. Katika mzunguko wa Stempu, nyumba ile ilikuwa mlango wa thelathini na moja. Miaka thelathini na mitatu aliiita hivyo. Kibao cha namba yenyewe kilishaanguka zamani, na alipohamia hakukitafuta, maana nani angemfundisha yeye namba ya nyumba? Kwa hiyo alikuwa amekwenda kwenye ofisi nane, kwa mwandiko mzuri, akawaandikia wote kwamba anakaa na mbuzi.

Yale maneno aliyoyapanga njiani yakayeyuka yote. Aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayopanda shingoni mpaka masikioni. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, na hakuna aliyempa.

"Ningejuaje ni wewe, mzee?" mama yule alisema taratibu. "Hukutoka hata siku moja."

"Ni kweli. Nilikuwa na kiburi." Neno hilo halikumtoka kirahisi. "Ya pili iko wapi?"

"Kwa mzee Mizani. Zinazorudi huondoka leo saa sita na gari."

Mizani alikuwa mlinzi wa barua zilizokosa wenyewe, na alipewa jina hilo kwa sababu kila jambo alilipima mara mbili kabla ya kulitenda. Stempu ndiye aliyemfundisha kazi. Alimkuta, mama wa barua akimfuata nyuma, ameketi juu ya gunia lililokwisha kufungwa kamba, saa ya ukutani nyuma yake ikionyesha saa tano na dakika hamsini.

"Fungua, ndugu yangu. Mna barua ya mke wangu. Imeandikwa thelathini na moja, kumbe nakaa kumi na saba."

Mizani alimwangalia kwa huruma. "Gunia lililofungwa halifunguliwi mpaka mwenye barua athibitishe jina na anwani. Wewe ndiye uliyenifundisha. Hata ulinipiga kofi la mgongo uliponiona nampa mtu kwa kumwonea imani."

"Nakumbuka."

"Ulisema, 'Imani peleka msikitini au kanisani, hapa tunataka karatasi.'"

"Nilisema."

"Basi niletee karatasi inayoonyesha unakaa kumi na saba."

"Kumi na saba sina," Stempu alisema, na hapo ndipo wazo likamjia. Alitumbukiza mkono mfuko wa ndani wa koti, akatoa kitambulisho kipya cha mkazi, barua aliyopewa benki ya kukiri kwamba wamebadilisha anwani, risiti ya idara ya maji, na kadi ya maktaba ya mkewe. Akavipanga mezani kimoja kimoja. Vyote vinne viliandikwa thelathini na moja.

Mizani akavaa miwani. Akasoma kitambulisho, akasoma kilichobaki. Akakata kamba ya gunia, akatoa bahasha, akailinganisha na karatasi zote, herufi kwa herufi, wakati Stempu anahesabu pumzi. Kosa lilikuwa limekaa sawasawa kila mahali.

"Kwa karatasi," Mizani alisema hatimaye, "wewe ni mkazi halali wa kile kiwanja. Saini hapa. Na uwasalimie mbuzi."

Mama wa barua alicheka mpaka akashika ukuta. Stempu naye alicheka, kidogo, kwa upande mmoja wa mdomo, kisha akamwomba Mizani amwekee kando barua zake nyingine zilizokuwa mle kabla ya kulifunga gunia tena. Akatoka mbio kwa namna ambayo mzee wa umri wake anaweza kuiita mbio.

Nyumbani alifika saa saba na nusu, mnyororo wa baiskeli umemtoka mara mbili njiani na mikono ni grisi tupu. Mkewe alikuwa amekaa kitini kuelekea mlangoni, akisikiliza. Stempu alinawa mikono, akapiga magoti karibu na kiti, akaiweka bahasha mapajani mwake.

"Imekuja," alisema. "Ni kesho. Lakini usikie kwanza. Barua ilikuwa inakuja siku zote. Mimi ndiye niliyekosea namba. Ya kwanza imetupita kwa sababu yangu. Si maji, si umeme, si posta. Ni mimi."

Alimweleza yote, mbuzi na gereji, hakuficha kitu. Mkono wa mkewe ulikuwa unapapasa ukingo wa bahasha, kona hadi kona.

"Wiki saba," alisema. "Nilidhani wamenisahau. Nilikuwa nimeanza kuzoea, unajua? Nilikuwa najifundisha kuzoea."

"Najua. Nisamehe."

"Na watu uliowagombeza kwa hilo hilo? Yule mwalimu mwenzangu uliyemfukuza dirishani pa posta na mtoto mgongoni?"

"Nitamwomba radhi."

"Utamwomba, Stempu. Na nitakuwepo kuona." Akanyoosha mkono hewani. "Lete kalamu. Niwekee kidole kwenye mstari."

Aliushika mkono wake, akaupeleka mahali pa saini. Akasaini kwa mwandiko wa mwalimu, herufi zimesimama wima, ingawa zilitoka nje ya mstari kidogo. Saa kumi kasoro dakika kumi na mbili Stempu aliiweka fomu mbele ya karani mwenye miwani. Karani akagonga muhuri, akatabasamu, kisha akauliza kama anwani ni ile ile.

"Hapana," Stempu alisema. "Andika kumi na saba. Na andika namba ya simu."

Siku ya pili saa moja kasoro robo walikuwa hospitali, yeye, mkewe na binti yao. Jicho la kwanza lilifanyiwa kazi kabla ya adhuhuri. Mgonjwa angelala pale usiku mmoja, na binti akasema atabaki na mama. Stempu alimsubiri mkewe atoke, akamshika mkono mpaka akasinzia, kisha akavaa kofia.

"Unakwenda wapi, baba?" binti aliuliza.

"Nina foleni saba."

Alirudi ofisi zile zote. Kwenye kila dirisha alisema yale yale, kwamba aliandika anwani vibaya na kosa ni lake, na kila mara maumivu yalipungua kidogo. Ofisi ya mtaa walimwambia arudi wiki ijayo, akasema hapana, atakaa pale kwenye benchi, na akakaa mpaka wakachoka naye wakambadilishia. Maktaba ilikuwa ya mwisho. Mkutubi aliuliza kama mwenye kadi bado anasoma, maana ni muda mrefu hajaazima kitu.

"Anasoma," Stempu alisema.

Jioni akapita kwa fundi seremala, akaazima rangi nyeupe na brashi.

Ijumaa adhuhuri gari la mkwe wao lilisimama nje ya nyumba. Bandeji ilikuwa imetolewa asubuhi, na mkewe alikuwa amevaa miwani ya giza, jicho moja bado limefunikwa ukungu wake wa siku zote. Alishuka polepole. Binti alitaka kumshika, mama akausogeza mkono wake kando. Kengele ya baiskeli ikalia nyuma yao, mara mbili, na mama wa barua akasimama kando asiwapite.

Mkewe alivua miwani. Aliitazama nyumba aliyokuwa anakaa ndani yake kwa wiki saba, dirisha, ukuta, ua dogo la mbele. Alimtazama na mumewe, mvi zake ambazo zilikuwa zimeongezeka bila yeye kuziona, na rangi nyeupe iliyogandia kwenye vidole. Kisha akautazama mlango. Namba zilikuwa zimechorwa kutoka juu mpaka karibu na kitasa, kubwa kiasi kwamba dereva wa barabara kuu angezisoma.

"Mlango ni bluu," alisema.

"Ni kijani."

"Ni bluu, baba watoto." Akasogea mpaka akausimamia, akaweka kidole kwenye rangi ambayo ilikuwa haijakauka vizuri, na akasoma kwa sauti ile ya darasani, bila haraka, kama anayesubiri darasa zima liitikie. "Kumi na saba."

Mama wa barua akafungua mkoba, akampa mke wa Stempu, mkononi mwake mwenyewe, bahasha ya kwanza yenye namba hiyo.